Mtengenezaji kutuuzia kiraka cha tundu la programu yake mwenyewe, ni haki? Na mashine 40 za Windows 10 zifanywe nini?

mweka_daftari

Wakuu, salaam.

Nina maswali mawili. Windows 10 ilifika mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Viraka vya usalama bado vinatengenezwa kila mwezi, ila anayevipata ni aliyejiandikisha kwenye mpango wa ESU, yaani masasisho ya usalama ya ziada baada ya huduma kuisha. Kwa taasisi, bei iliyotangazwa ni dola 61 kwa mashine mwaka wa kwanza, 122 mwaka wa pili na 244 mwaka wa tatu. Chama cha akiba na mikopo chenye mashine 40 kitatoa dola 2,440, kisha 4,880, kisha 9,760. Jumla 17,080 kwa miaka mitatu, na mwisho wake mashine ni zilezile.

Swali la kwanza ni la haki. Tundu la usalama halikutobolewa na mteja, wala mdukuzi hakulitoboa. Lilikuwemo ndani ya programu tangu siku ilipouzwa, mdukuzi kalikuta tu. Kwa hoja gani aliyekosea ndiye amlipishe mwingine gharama ya kusahihisha? Bodi imeuliza hivyo hivyo na inataka jibu la maandishi.

Swali la pili ni la vitendo: tulipe, tuhame, au kuna njia ya kati? Mashine zote ni i5 za kizazi cha 6 na cha 7, RAM 8 GB, SSD 256 GB, zimeunganishwa kwenye domeini (mtandao wa ofisi unaosimamiwa na seva yetu). Mfumo wa hesabu za wanachama unafunguka kwenye kivinjari. Isipokuwa mashine 6 za makeshia dirishani, zile zina printa za vitabu vya akiba ambazo draiva yake ni ya Windows peke yake.

---

nondo_za_seva

Mkuu, kabla ya kumjibu mwenyekiti wa bodi, tenganisha vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya.

Cha kwanza ni kuuza kiraka cha bidhaa ambayo bado ni mbichi. Mfano safi kabisa ni Adobe, Mei 2012. Walitoa taarifa za usalama kwamba Photoshop, Illustrator na Flash Professional za toleo la CS5 zina matundu yanayomruhusu mshambuliaji kuendesha programu yake kwenye mashine yako. Dawa waliyoandika: panda kwenda CS6. Kupandisha Photoshop peke yake kulikuwa dola 199. CS5 ilikuwa na umri wa miaka miwili tu wakati huo! Asiyetaka kupanda aliambiwa awe mwangalifu na mafaili asiyojua yalikotoka. Tundu mojawapo lilikuwa kwenye usomaji wa picha za TIFF. Sasa mwambie mwenye duka la steshenari asifungue TIFF inayokuja kwenye flashi ya mteja, wakati hiyo ndiyo kazi anayokulia. Kelele zikapigwa, na ndani ya siku chache Adobe wakageuka na kuahidi viraka vya CS5 bila malipo.

Hapo sioni ubishi. Hiyo ni kuuza kasoro mara mbili, na haifai.

Cha pili ni kuuza ngao ya kuzungushia bidhaa yako mwenyewe. Microsoft walifanya hivyo 2006 na Windows Live OneCare, dola 49.95 kwa mwaka kwa mashine tatu. Ubaya wake ni kwamba anayeuza mlango ndiye anayeuza komeo, kwa hiyo mlango ukiwa dhaifu komeo linauzika. Waliifunga 2009, na mwaka huohuo wakatoa antivirusi ya bure. Leo Defender imo ndani ya Windows bila bei.

Cha tatu ndicho chako: kuuza kazi ya kutunza toleo la zamani baada ya muda uliotangazwa kupita. Windows 10 ilitoka Julai 2015. Imepewa viraka vya bure miaka kumi na miezi kadhaa. Hiki hakifanani na cha Adobe, na bodi ikivichanganya itapata jibu la hasira badala ya jibu la hesabu.

---

mwanakodi

Naungana na nondo_za_seva, na naongeza upande ambao wateja hawauoni.

Kurekebisha tundu kwenye toleo jipya na kulirekebisha kwenye toleo la zamani ni kazi mbili. Kodi, yaani maandishi ya programu, ya miaka kumi iliyopita haifanani tena na ya leo. Mstari uliobadilishwa kwenye Windows 11 unaweza usiwepo kabisa kwenye Windows 10, au ukawepo ila unategemea kipande kingine ambacho kwenye zamani kinafanya kazi tofauti. Kwa hiyo mtu anakaa na kodi ya zamani, anaelewa tundu linaingiaje kule, anaandika marekebisho mengine, halafu kazi kubwa inaanza: majaribio. Draiva za printa, kadi za mtandao, antivirusi za kampuni nyingine, programu za hospitali, kila kimoja kijaribiwe na toleo lile. Kiraka kibaya kikienda kwenye mashine milioni, mashine milioni haziwaki asubuhi.

Mishahara ya watu hao, mashine za majaribio, na wahandisi wanaokumbuka kodi ya 2015 ilivyoandikwa, vyote vinalipiwa na mtu. Ukisema kiraka kiwe bure milele, unasema bei hiyo iingizwe kwenye bidhaa siku ya kwanza, kwa wote, hata kwa atakayeitumia miaka mitatu akaitupa.

Ila bei kupanda mara mbili kila mwaka haitokani na gharama. Kazi ya mwaka wa tatu haiwi ngumu mara nne kuliko ya mwaka wa kwanza. Bei ile ni fimbo ya kukusukuma uhame. Ushahidi uko kwenye orodha yao wenyewe: shule na vyuo vinalipa dola 1, kisha 2, kisha 4, kwa viraka vilevile. Windows 7 ilipoisha Januari 2020 walifanya hivyo hivyo: dola 25, 50, 100 kwa toleo la Enterprise, na mara mbili yake kwa Pro.

---

bandari445

Mwanakodi, hoja ya gharama ya kutengeneza naikubali. Hoja yangu inaanzia pale ambapo kiraka kimeshatengenezwa.

Mei 2017 WannaCry ilipoanza kufunga mafaili ya watu na kudai malipo, Microsoft walitoa kiraka cha Windows XP kwa kila mtu, bure, ndani ya siku moja hivi. XP ilikuwa imefungiwa huduma tangu 8 Aprili 2014. Kiraka kimetokea wapi haraka vile? Ukikagua saini ya kidijitali ndani ya mafaili yale, tarehe ni ya Februari 2017. Kilikuwa tayari miezi mitatu kabla, kwa ajili ya wateja waliokuwa na mikataba maalumu ya malipo. Serikali ya Uingereza ilikuwa imewahi kulipa pauni milioni 5.5 kwa mkataba wa namna hiyo wa mwaka mmoja, 2014.

Nataka wasomaji waone tundu lenyewe lilikuwa na ukubwa gani, maana ukiliona unaelewa kwa nini kukificha kiraka ni kosa la kiufundi, mbali na kuwa la kimaadili.

Faili linaitwa srv.sys, linahudumia ushirikishaji wa mafaili kwa SMB toleo la 1. Ndani yake kuna kipande kinachoitwa SrvOs2FeaListSizeToNt. Kazi yake ni kupima orodha ya sifa za faili aliyoituma mteja, ili mfumo utenge kumbukumbu inayotosha. Sehemu inayobeba ukubwa wa orodha ina upana wa biti 32. Kipande kikikuta sehemu ya orodha si halali, kinaikata na kuandika ukubwa mpya uliopungua. Kosa liko hapa: kinaandika biti 16 za chini tu. Biti 16 za juu zinabaki na thamani ya zamani.

Mshambuliaji anatuma orodha inayosema ukubwa wangu ni 0x10000, yaani baiti 65,536. Mfumo unakagua, unaona halali ni 0xFF5D, yaani 65,373. Unaandika FF5D kwenye nusu ya chini. Ile 1 iliyo nusu ya juu haijaguswa. Kinachosomeka sasa ni 0x1FF5D, yaani 130,909. Kilichotakiwa kupungua kwa baiti 163 kimeongezeka karibu mara mbili. Nafasi imetengwa kwa kipimo sahihi, kunakili kunafanyika kwa kipimo kibovu, na kinachofurika kinaandika juu ya kumbukumbu ya jirani ndani ya kerneli, kiini cha mfumo. Marekebisho yake ni kuandika thamani ile kwa biti 32 badala ya 16. Badiliko la amri moja.

Sasa fikiria kiraka hicho kinatolewa kwa wanaolipa. Yeyote mwenye nakala mbili, ya kabla na ya baada, anazipitisha kwenye Ghidra na BinDiff, zana za kuchambua na kulinganisha programu, zote za bure, zinamwonyesha vipande vilivyobadilika. Kati ya maelfu ya vipande, vichache ndivyo tofauti. Mzoefu anafika kwenye mstari wenyewe kwa siku chache. Na nakala anazipata, kwa sababu kati ya wanaolipa ni lazima atakuwepo mmoja ambaye ni mshambuliaji, au aliyeibiwa na mshambuliaji.

Kwa hiyo kila kiraka cha kulipia kinatangaza kwa dunia nzima tundu liko wapi, kisha kinamlinda aliyelipa tu. Asiyelipa anabaki katika hali mbaya kuliko kama kiraka kisingetengenezwa kabisa. Kwa Windows 10 ni kibaya zaidi kwa sababu sehemu kubwa ya kodi yake inashirikiana na Windows 11: kila Jumanne ya pili ya mwezi viraka vya 11 vinatoka hadharani, na vinaonyesha matundu ya 10.

Na wanaweza kufanya tofauti. Mei 2019, kwa tundu la BlueKeep kwenye huduma ya kuendesha mashine kwa mbali, walitoa viraka vya XP na Server 2003 bure kwa wote kabla ya shambulio lolote kubwa. XP ilikuwa na miaka mitano kaburini. Kwa hiyo kanuni yangu: lipisha kazi ya kutunza ukitaka, lakini kiraka cha tundu linaloweza kusambaa lenyewe kutoka mashine hadi mashine kikishakamilika kiwe cha kila mtu siku hiyohiyo.

---

nondo_za_seva

bandari445, maelezo mazuri sana ya lile tundu, ila WannaCry isibebeshwe zaidi ya inachothibitisha. Mashine nyingi mno zilizoambukizwa zilikuwa Windows 7, si XP. Windows 7 wakati ule ilikuwa ndani ya huduma, na kiraka chake, MS17-010, kilitoka bure tarehe 14 Machi 2017, karibu miezi miwili kabla ya shambulio la 12 Mei. Karibu theluthi moja ya taasisi za NHS (huduma ya afya ya umma) kule England zilivurugika, na ukaguzi wa serikali ulikuta tatizo kubwa lilikuwa Windows 7 ambazo hazikuwekwa kiraka kilichokuwepo. XP nyingi zilizoshambuliwa ziliishia kuanguka na skrini ya buluu badala ya kueneza.

Maana yake kwa mweka_daftari ni hii: hata ukilipa dola 17,080, kama hakuna mtu anayehakikisha kiraka kimeingia kwenye kila mashine, umenunua karatasi.

---

bandari445

Kwa hilo nakubali, na niliandika XP kwa sababu ya tarehe ya kiraka, si idadi ya wagonjwa.

---

pwani_254

Ndugu zangu, habari za jioni. Mimi nataka kuligeuza swali kidogo. Kuuliza kama ni haki ni sawa, lakini mnunuzi ana nguvu kabla ya kusaini tu. Baada ya hapo analalamika.

Ulaya wameshaliweka kwenye sheria. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2024/2847 ilianza kuwa sheria Desemba 2024, na wajibu wake mkuu unaanza kutumika 11 Desemba 2027. Inamtaka mtengenezaji ashughulikie matundu katika kipindi chote cha huduma, ambacho kwa kawaida kisipungue miaka mitano, isipokuwa bidhaa ambayo matumizi yake ni ya muda mfupi zaidi ya hapo. Viraka vya usalama vitolewe bila malipo. Kiraka kikishatolewa kibaki kinapatikana kwa angalau miaka kumi. Na pale inapowezekana kiufundi, kiraka cha usalama kitengwe na sasisho la vipengele vipya, ili mtu asilazimishwe kubeba vipya asivyovitaka ndipo apone. Kuna mwanya mmoja: programu iliyotengenezwa mahsusi kwa mteja mmoja wa kibiashara, pande mbili zinaweza kukubaliana vingine. Uingereza nao tangu 29 Aprili 2024 wanamtaka anayeuza vifaa vya intaneti kwa wananchi atangaze wazi viraka vitaendelea hadi lini.

Kumbuka haizuii mtengenezaji kufunga huduma. Inazuia kulipisha ndani ya kipindi alichokitangaza. Windows 10 ingepita mtihani huo bila shida. Adobe ya 2012 isingepita.

Huku kwetu sheria hiyo haifiki, lakini mkataba unafika. Na hapa mweka_daftari aangalie zaidi ule mfumo wa hesabu za wanachama kuliko Windows. Mifumo hiyo huuzwa na kampuni ndogo pamoja na ada ya matengenezo ya kila mwaka, na mikataba mingi imeandikwa kwa namna kwamba ada ikichelewa kila kitu kinasimama, viraka vya usalama vikiwemo. Mwanya wa kuingilia kwenye hifadhidata ya akiba za watu utabaki wazi kwa sababu ankara haijalipwa. Mkihuisha mkataba, wekeni haya:

Tarehe ya mwisho wa huduma iandikwe kwa siku, mwezi na mwaka. Si maneno kama "kadiri itakavyowezekana".

Kurekebisha tundu la usalama kuwe wajibu wa muuzaji hadi tarehe hiyo, ada ya matengenezo iwe imelipwa au haijalipwa. Ada ilipie msaada wa simu, mafunzo na vipengele vipya.

Muda wa kurekebisha uandikwe. Kwa tundu linalomruhusu mtu asiye na nywila kuingia, siku 7 za kutoa njia ya kujikinga na siku 30 za kiraka kamili ni ombi la kawaida kwa mfumo wa ukubwa huo.

Kodi chanzo iwekwe amana kwa mtu wa tatu, itolewe kwenu kampuni ikifungwa au ikikataa kurekebisha. Na amana ijaribiwe: mtu achukue kodi hiyo aijenge hadi mfumo uwake. Amana isiyojaribiwa mara nyingi hukutwa haina nusu ya mafaili.

Muuzaji akisema haiwezekani kutenga viraka na mkataba wa matengenezo, mwonyeshe Cisco. Taarifa zao za usalama zinasema mteja asiye na mkataba wa huduma anaweza kupata toleo lililorekebishwa bila malipo kupitia kituo chao cha msaada. Anatakiwa awe na namba ya kifaa na anwani ya taarifa husika. Kampuni inayoishi kwa kuuza mikataba ya huduma imeweza kuutenga.

---

fundi_wa_ghorofani

Salaam wote. Nijibu swali la pili, maana bodi ikishajibiwa kuhusu haki, mashine bado zinawaka.

Mkuu, usilipie 40. Gawanya: 34 zinazotumia kivinjari tu, na 6 za makeshia.

Zile 6. Lipia ESU hizi tu. Dola 366 mwaka wa kwanza, 732 wa pili, 1,464 wa tatu. Lengo lako liwe kutofika wa tatu: nunua mashine mpya 6 za Windows 11 ndani ya miezi 18, kwanza uhakikishe draiva ya printa inakubali. Ule mpango wa mtu binafsi wa dola 30, au wa bure ukikubali kuhifadhi mipangilio kwenye akaunti ya Microsoft, usiuhesabu. Mashine iliyo kwenye domeini haikubaliwi. Na jua kwamba ukiruka mwaka wa kwanza ukajiunga wa pili, unatozwa na ule wa kwanza. Kuchelewa hakuokoi kitu.

Utaratibu wa kuiwasha:

Andika winver. Lazima isome 22H2. Ikisoma chini ya hapo, panda kwanza. Kisha masasisho ya Oktoba 2025 yawemo, KB5066791 au la baadaye.

Weka kifurushi cha maandalizi, KB5072653. Wengi wanakiruka, kisha kiraka cha mwezi kinafika asilimia fulani, kinarudi nyuma na namba ya kosa 0x800f0922.

Fungua dirisha la amri kama msimamizi. Andika slmgr /ipk ukifuatisha ufunguo wa ESU mliopewa. Halafu slmgr /ato ukifuatisha namba ndefu ya utambulisho wa mwaka huo. Hapa ndipo wengi wanakosea: wanaandika /ato peke yake. Inajibu kuwa imefanikiwa, wanafunga dirisha. Kilichothibitishwa ni Windows yenyewe, ESU haijaguswa. Hakiki kwa slmgr /dlv na namba ileile, isome kuwa ina leseni. Kila mwaka una namba yake, ya mwaka wa kwanza haifanyi kazi mwaka wa pili.

Mashine ya keshia isiyofika intaneti: slmgr /dti na namba ile inakupa namba ya kusoma kwa simu, unapewa namba ya kurudisha, unaiingiza kwa slmgr /atp.

Halafu hizo 6 zitenge. VLAN yao (mtandao uliotengwa ndani ya mtandao wa ofisi), ziruhusiwe kufika kwenye seva ya mfumo, printa na seva ya masasisho, basi. Barua pepe na intaneti ya kawaida zifungwe. Bandari 445 (ya kushirikisha mafaili) na 3389 (ya kuendesha mashine kwa mbali) zisipokee kutoka mashine nyingine za ofisi. SMB toleo la 1 iondolewe, kwa PowerShell: Disable-WindowsOptionalFeature -Online -FeatureName SMB1Protocol, kisha washa upya. Kabla ya kuiondoa angalia kama kuna skana ya zamani inayotuma mafaili kwa SMB1, maana ndiyo itakayokuwa ya kwanza kulalamika.

Zile 34. Hizi hazina sababu ya kulipiwa. Weka Linux: Ubuntu 24.04 au Debian 13, kivinjari, LibreOffice. Kwa i5 ya kizazi cha 6 na RAM 8 GB itakimbia vizuri. Kwenye domeini zinaingia kwa realm join, watumiaji wanabaki na majina na nywila zao. Usihamishe zote kwa mara moja. Anza na 3, uzipitishe kwenye kufunga hesabu za mwezi mara mbili. Kinachoharibika mara nyingi si mfumo wa hesabu, ni faili la Excel lenye makro ambalo mhasibu mmoja analitegemea kutoa ripoti ya mdhamini. Litafute mapema, liandikwe upya au libaki kwenye mashine moja kati ya zile 6.

Windows 11 haivikubali rasmi vizazi hivi, ila kuna wanaoisakinisha kwa nguvu kwa kubadilisha rejista. Inawezekana. Lakini Microsoft hawakuahidi masasisho kwa mashine hizo, na kila toleo jipya la mwaka unalisukuma kwa mkono. Kwa taasisi inayoshika fedha za watu siwezi kushauri hivyo.

Bando. Hili linaua viraka kuliko bei. Ofisi nyingi zimeweka mtandao kuwa wa kulipia kwa kipimo ili Windows isile bando. Ukiweka hivyo masasisho ya kila mwezi hayashuki, na hakuna anayejua kwa sababu skrini haisemi kwa ukali. Ondoa alama hiyo, badala yake washa Delivery Optimization kwa mashine za mtandao wa ndani: moja ikishusha, nyingine zinachukua vipande kutoka kwake. Kila Ijumaa ya baada ya Jumanne ya pili, mtu apite na orodha, aandike tarehe ya kiraka cha mwisho kwa kila mashine.

---

mwanakodi

Fundi, nyongeza moja kwa haki ya mjadala. Ubuntu nao wanauza viraka. Hifadhi kuu inapata viraka bure hadi 2029 kwa 24.04. Lakini vifurushi vya hifadhi ya universe, ambavyo ni vingi mno, viraka vyake vya uhakika viko kwenye Ubuntu Pro: bure hadi mashine 5, zaidi ya hapo ni kulipia. Tofauti na Adobe ni kwamba Canonical, wenye Ubuntu, hawakuandika kodi ile. Wanarekebisha makosa ya watu wengine, na kodi iko wazi kwa yeyote anayetaka kufanya kazi hiyo mwenyewe.

Andika pro security-status kwenye mashine ya majaribio, itakuonyesha vifurushi vingapi vimetoka hifadhi kuu na vingapi universe. Kwa mashine ya kivinjari na LibreOffice idadi ya universe huwa ndogo, na vingi vinaweza kuondolewa. Ukitaka usiingie kabisa kwenye swali hilo, Debian 13 ina viraka vya bure hadi katikati ya 2030 pamoja na kipindi cha LTS, ambacho kinalipiwa na makampuni yanayochangia, na matunda yake yanapewa wote.

---

mweka_daftari

Nawashukuru sana wakuu. Kwa bodi nitaandika kwamba malipo ya ESU ni ya kutunza toleo lililopita muda wake, na tunalipia mashine 6 tu. Nitaambatanisha vipengele vya mkataba vya pwani_254 kwa ajili ya mfumo wa wanachama.

Swali la mwisho kwa fundi: printa za vitabu vya akiba zimeunganishwa kwa USB kwenye mashine za makeshia. Nikizifunga intaneti, masasisho yatapitaje?

---

fundi_wa_ghorofani

Kama mna seva ya Windows kwa ajili ya domeini, weka WSUS (huduma ya kusambaza masasisho ya Windows ndani ya ofisi) juu yake. Chagua Windows 10 toleo la 1903 na kuendelea, masasisho ya usalama tu, lugha moja. Ukiacha lugha zote na bidhaa zote diski itajaa ndani ya wiki. Zile 6 zielekezwe huko kwa sera ya kikundi, bandari 8530, au 8531 ukiweka cheti. Seva ndiyo iende intaneti. Na weka kiraka kwenye keshia mmoja kwanza, achape kitabu kimoja cha akiba mstari kwa mstari, uone kama herufi zinakaa kwenye safu zake. Kikipita siku mbili, ruhusu kwa wale watano.